Namna nilivyojifunza kukaa na mwili wangu na kumkaribisha mwenzangu

Ninawaandikia wale ambao, kama mimi, waliandikwa watoto wa kike walipozaliwa, wakakua wakijijua kuwa ni wanaume, na sasa wamefika umri wa kupenda na kupendwa wakiwa na mwili ambao hawajui waufanye nini mtu mwengine anapousogelea. Mambo ya nguo, ya jina na ya sauti yamezungumzwa kiasi, lakini la chumbani halizungumzwi, na nimeona watu wema wakivunja uhusiano kwa sababu tu hawakuweza kuvua fulana mbele ya anayewapenda. Jambo hilo linaniuma, na ndilo linalonifanya nieleze yaliyonisaidia.

Mimi ni mtu wa Ng'ambo, Unguja, na sisi Wazanzibari hatuwezi kusema kwamba kwetu hakuna elimu ya mwili. Tunayo, tena ya tangu na tangu. Mwari hukabidhiwa kwa somo, yaani kungwi wake, akafunzwa usafi, staha na namna ya kuishi na mume. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, anakumbukwa zaidi kwa taarabu, lakini alikuwa pia mfunzaji wa unyago aliyeheshimiwa. Mimi nami nilikabidhiwa kwa somo. Mengi aliyonifunza yalikusudiwa mtu ambaye si mimi, na niliyasikiliza huku nimeinamisha kichwa. Ila alisema jambo moja ambalo nimelishika hadi leo, kwamba mtu asiyeujua mwili wake hawezi kumwelekeza mwenziwe, na mwenziwe atabaki kubahatisha. Yeye alikuwa akinitayarisha niwe mke. Miaka baadaye nililichukua neno lake nikaanza nalo nikiwa mwanamume.

Nilianzia chooni, kwa kuwa humo ndimo ninamokuwa peke yangu katika nyumba iliyojaa watu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikioga nimejifunga kikoi kuanzia kwapani, nikijimwagia maji haraka haraka bila kujitazama, hata josho nikilifanya kama mtu anayemwosha mtu mwengine. Nikajipa kazi ndogo: kikoi kifungwe kiunoni, kama wanavyokifunga wanaume wote wa nyumbani, na nioge taratibu, nianze na sehemu ambazo sina ugomvi nazo, yaani mabega, mikono, shingo na miguu. Zile zenye ugomvi nilizipitia bila kuzilazimisha zinipendeze. Wapo wanaoshauri mtu asimame mbele ya kioo na kujisifu, lakini kwa maoni yangu wengi wetu hatuliwezi hilo mwanzoni, na kuuzoea mwili bila kuuchukia ni hatua kubwa ya kutosha.

Kifua ndicho kilichonihangaisha zaidi. Zipo fulana maalumu za kubana kifua zinazoagizwa nje, na asiyeweza kuzipata huvaa sidiria ya michezo au vesti nzito. Bandeji na gundi za kufungia maboksi sikuzigusa kamwe, kwani hukaza vibaya mtu anapotembea na kuvuta pumzi, na zinazoumia ni mbavu na ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahoji watu wapatao 1,800 wanaobana kifua, na zaidi ya 9 katika kila 10 walisema wamewahi kupata angalau tatizo moja, kama vile maumivu ya mgongo, joto kupita kiasi au pumzi kuwa fupi. Kubana kila siku bila kupumzika ndiko kulikohusishwa zaidi na matatizo hayo. Ushauri wa kawaida ni kutozidisha saa 8 kwa siku na kutolala na nguo hiyo. Kwetu hali ya hewa nayo ina neno lake, maana wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Februari, jasho halikauki, na harara na fangasi humpata hata asiyebana chochote. Hapo kanzu ndiyo iliyoniokoa. Humwomba fundi aipanue mabegani na asiibane ubavuni, kisha huifukiza udi na kuvaa koti juu yake. Hewa inapita, kifua hakionekani, na ninatoka nyumbani nikiwa nimeupumzisha mwili wangu bila kujihisi uchi.

Nilipompata mwenzangu, tulikubaliana tuzungumze mchana, tukiwa tumevaa nguo zetu, kabla hatujafika kitandani, kwa sababu taharuki ya usiku humfanya mtu akubali asilolitaka. Mazungumzo ya mwanzo yalikuwa mazito. Nilimwambia wapi napenda kuguswa, wapi siguswi kabisa, na wapi hutegemea ruhusa ya siku ile. Nilimwambia pia majina ninayoyatumia kwa viungo vyangu, kwani nikisikia kiungo kikitajwa kwa jina la kike, moyo wangu huondoka pale hata kama mkono wake ni mpole.

Akaniuliza, “Na nikisahau?”

Nikamwambia, “Utaniomba radhi, mpenzi, tutaendelea.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi na mimi ninayo ya kukwambia.” Akanieleza kwamba tangu usichana wake amekuwa akiyaficha mapaja yake kwa ajili ya makovu, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Kuanzia siku ile tukawa watu wawili tunaosaidiana, na nikaacha kujiona mgonjwa anayehudumiwa.

Baada ya hapo tulifuata njia ambayo washauri wa ndoa wamekuwa wakiitumia tangu watafiti William Masters na Virginia Johnson walipoieneza huko Marekani mwaka 1970. Tendo lenyewe huwekwa kando kwa makubaliano. Mmoja humgusa mwenziwe mgongoni, mikononi, usoni na miguuni, na mwengine hupokea tu na kusema lipi linampendeza, kisha hubadilishana. Kifua na sehemu za siri haziguswi katika hatua za mwanzo. Kwa mtu kama mimi njia hii ina thamani kubwa mno, kwa sababu inamwondolea hofu ya kufikiria kitakachofuata, na mwili unapata nafasi ya kujua kwamba mguso hauleti lazima. Mimi nilibaki na vesti. Tulichagua pia neno la kusimamisha, na likitamkwa hakuna anayeuliza sababu hadi asubuhi. Wapo kati yetu wanaopenda kumfurahisha mwenzao bila wao kuguswa. Nami naliheshimu hilo, mradi mtu amelichagua kwa ridhaa yake na hakusukumwa na woga.

Kuna mambo ya kimwili ambayo aibu isimzuie mtu kuyajua. Mimi situmii homoni, lakini anayetumia testosteroni, yaani homoni ya kiume, ajue kwamba uke huweza kuwa mkavu na ngozi yake ya ndani kuwa nyembamba hata kugusa kukauma, na daktari anaweza kumwandikia dawa ya kupaka. Ajue pia kwamba kukoma kwa hedhi hakumzuilii mimba, ikiwa mwenza wake anaweza kumpa. Testosteroni ya kununua kwa siri bila vipimo naiogopa, maana huongeza chembe nyekundu, na damu huweza kuwa nzito. Ama vilainishi, vilipata jina baya pale serikali ya Tanzania ilipovipiga marufuku mwaka 2016, ingawa kazi yake ni kuzuia michubuko tu, na hata wanawake waliokoma hedhi hushauriwa kuvitumia. Vyenye asili ya maji vinafaa pamoja na kondomu. Mafuta ya nazi, tuliyoyazoea sana visiwani, huidhoofisha kondomu ya mpira hata ikapasuka.

Nilipofika miaka 30, umri ambao Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi uanze, nilikwenda kupimwa nikiwa natetemeka. Nilimwambia nesi, “Shikamoo mama. Naogopa sana kipimo hiki, naomba uniambie kila unalotaka kufanya kabla hujalifanya.” Akaniitikia, “Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye utakayesema tuanze.” Akatumia kifaa kidogo, akanifundisha kushusha pumzi. Ombi lile nililileta nyumbani, na hadi sasa mwenzangu hunitajia kabla ya kusogeza mkono. Jioni moja nilimsomea kwa sauti kwamba nchi wanachama wa shirika hilohilo zilikubali mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, ambayo imeiondoa hali yetu katika magonjwa ya akili. Aliniomba nirudie kusoma.

Yote haya tumeyafanya kwa hadhari. Sheria za Zanzibar zinaadhibu mahusiano ya jinsia moja, na mimi katika cheti cha kuzaliwa bado nimeandikwa mwanamke. Kwa hiyo mambo ya chumbani hatuyaandiki kwenye simu, hatupigani picha za faragha, na tunaoshauriana nao ni wachache tuliowajua kwa miaka.

Rafiki yangu wa Pemba ameniuliza aanzie wapi ikiwa hana mwenza. Nimemwambia aanze na kuoga kwa utulivu, kisha achukue karatasi aandike sehemu anazoridhia ziguswe, asizoziridhia, na zile asizokuwa na uhakika nazo, aisome tena baada ya muda, halafu aichane. Nimemwambia asishangae ikibadilika. Yangu imebadilika mara nyingi, na mwenzangu huniuliza upya kila tunapoona haja.