Lincoln na hesabu za kura

Jana nilisema nasoma kurasa mbili tu nilale. Saa nane usiku bado niko Illinois, jimbo la Marekani, mwaka 1858, chai imeshapoa mezani.

Kilichoninasa ni hesabu. Abraham Lincoln, kabla hajawa rais wa Marekani, anautaka useneta, lakini jina lake halimo kwenye karatasi ya kura! Enzi hizo seneta alichaguliwa na bunge la jimbo, kwa hiyo wananchi walipigia kura wabunge wa kwao, na vyama vikakabana wilaya kwa wilaya. Jamaa akachukua matokeo ya 1856, akachambua: hapa petu, hapa pao, hapa ndipo pa kupigania.

Midahalo yake na Stephen Douglas, mpinzani wake wa chama cha Democrat, ilikuwa saba, kila mdahalo ukichukua muda wa saa tatu. Ule wa Ottawa, mwezi Agosti, watu walisimama kwenye jua na vumbi. (Mimi hotuba ya dakika ishirini tu naanza kutafuta kiti.) Na karatasi za kura? Zilichapwa na vyama vyenyewe!

Republican, chama cha Lincoln, wakapata kura nyingi zaidi, lakini mgawanyo wa viti vya bunge la jimbo ulikuwa wa zamani, ukawabeba Democrat. Bungeni Douglas akapita, 54 kwa 46. Niliumia kama vile nami nilipiga kura.

Kazini leo nimechelewa, nimesingizia foleni.