Bahasha ya eksirei usiitupe

Mtoto ameanguka na bodaboda Likoni, akapigwa CT skani ya kichwa, yaani eksirei nyingi za mashine inayomzunguka mgonjwa. Wiki ya pili anapelekwa hospitali nyingine, daktari anauliza picha ziko wapi. Bahasha ilisahaulika kwenye matatu, au diski haifunguki kwenye kompyuta yao. Basi anapigwa upya. Hiyo ya pili ndiyo inayouma, kwani mtoto kala mionzi na hakuna jipya lililojulikana.

Picha hazilingani kwa mionzi. Eksirei ya kifua ni kama milisiveti 0.02 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Mionzi ya asili, itokayo ardhini, angani na hata kwenye chakula, humpata kila mtu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka; kwa hiyo eksirei hiyo ni sawa na siku tatu za kuishi tu. CT ya kichwa ni kama 2. Ya tumbo yaweza kufika 10, yaani eksirei za kifua 500 kwa mkupuo mmoja.

Mtoto huumia zaidi kwa sababu chembe za mwili wake zingali zinagawanyika kwa kasi, na ana miaka mingi mbele ambamo saratani yaweza kuchipuka. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012 ulikadiria kuwa katika CT za kichwa 10,000 za watoto wasiofika miaka 10, huongezeka mgonjwa mmoja wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo ndani ya mwongo mmoja. Ni wachache. Mtoto aliyezimia na anatapika mfululizo baada ya kuanguka, CT yake isicheleweshwe kwa hofu hii.

Lakini uliza. Maumivu ya kidole tumbo, je, ultrasaundi haiwezi kutangulia? Haina mionzi kabisa, na MRI, picha ya sumaku, vilevile. Skani ya tumbo itapigwa mara moja, au bila dawa ya kung'arisha picha kisha na dawa? Kila mzunguko unahesabiwa. Mashine imewekwa kipimo cha mtoto, au imeachwa kwenye cha mtu mzima? Msichana anayefuatiliwa mgongo uliopinda apigwe kutokea nyuma, matiti yapate mionzi kidogo.

Picha nyingi hurudiwa kwa sababu mtoto alitikisika. Mtoto mchanga mnyonyeshe kwanza, umfunge vizuri kwa leso, asinzie. Mvue vipuli na hirizi ya shingoni mkiwa bado nyumbani. Chuma huacha michirizi myeupe juu ya pale hasa daktari anapotaka kuona.

Filamu zisikae chini ya godoro. Kwa unyevu wa Mombasa hugandana, na ukizibandua picha inachunika. Zisimamishe kabatini, kila bahasha na tarehe yake. Za CT omba diski pamoja na ukurasa wa dozi, ule wenye namba ya DLP, yaani jumla ya mionzi ya skani hiyo, umwoneshe daktari kabla hajaandika skani nyingine.