Nilivyoupima mzizi wa huangqin maabara

Nilipokuwa nasomea famasia Nanjing, nilipewa mzizi wa huangqin, mmea wa ukoo mmoja na mrihani wetu, nipime kama kweli unatuliza inflamesheni, yaani uvimbe na maumivu yanayotokea mwili unapojikinga. Waganga wa Kichina humpa mtu wanayesema ana "joto": homa kali, kikohozi, kuhara. Mimi nilitakiwa nipate namba.

Kwanza vipande vyenyewe. Huangqin nzuri ni ya njano. Mzizi ukilowekwa kwenye maji baridi, vimeng'enya vyake huivunja baikalini, kiambata chake kikuu cha dawa, na vipande vinageuka kijani. Ndiyo maana huchemshwa au kupigwa mvuke kabla ya kukatwa. Kanuni za dawa za China zinataka baikalini isipungue asilimia 8 kwenye vipande. Vya kijani nilivitenga mapema.

Seli zilikuwa makrofaji (seli za kinga) za panya, aina ya RAW 264.7. Ukizitilia LPS, ambayo hutoka kwenye ganda la nje la baadhi ya bakteria, zinachachamaa na kutoa oksidi ya nitriki, dalili ya inflamesheni. Kesho yake unachota maji yaliyo juu ya seli, unayachanganya na kitendanishi cha Griess, na yanageuka waridi: oksidi ikizidi, waridi inakolea. Kishimo cha sahani ya seli kilichotiwa dawa kikipauka, moyo unaruka.

Usishangilie bado. Seli iliyokufa nayo haitoi oksidi! Kwa hiyo kila dozi niliipitisha kwanza kwenye kipimo cha uhai wa seli. Iliyoua nikaitupa, hata kama waridi ilikuwa imepauka vizuri. Na kwa kuwa dawa ya mizizi ina rangi yake, niliweka vishimo vya dawa bila seli, nikaupunguza usomaji wake kwenye hesabu. Pembeni kulikuwa na deksamethasoni, dawa ya hospitali inayojulikana kutuliza inflamesheni, ya kulinganishia. Mwishowe oksidi ilishuka, seli zikiwa hai.

Nyumbani waliniuliza kama waagize huangqin kwa ajili ya magoti ya bibi. Hapana, seli kwenye sahani si mgonjwa. Mzizi mwingine, leigongteng, ulijaribiwa China kwa wagonjwa 207 wa baridi yabisi, matokeo yakatoka 2014: baada ya wiki 24, waliopewa pamoja na methotrexate, dawa ya kawaida ya ugonjwa huo, walipata nafuu zaidi ya waliopewa methotrexate peke yake. Huo ni ushahidi wa watu. Ila leigongteng hiyohiyo inaweza kuumiza ini na kuharibu uzazi, kwa hiyo anayeitumia anatakiwa awe mikononi mwa daktari, apimwe damu mara kwa mara.