Kuchagua lenzi na kufokasi katika mwanga wa Nyanda za Juu Kusini

Watu wanaoanza kupiga picha kwa kujifurahisha hapa Mbeya huniuliza lenzi ipi ni nzuri, nami huwauliza kwanza wanapiga picha gani, wapi na saa ngapi. Mtu anayetoka alfajiri wakati ukungu bado umeufunika mlima Loleza hahitaji lenzi ileile inayomfaa mtu anayekwenda Hifadhi ya Ruaha wakati wa kiangazi, wala hafokasi, yaani hachagui kitakachoonekana kikali, kwa namna ileile. Kwangu mimi lenzi na namna ya kufokasi ni uamuzi mmoja. Picha nyingi zinazoitwa mbaya kwa sababu ya lenzi zimeharibika kwa sababu fokasi ilikaa mahali pasipotakiwa, na hata lenzi ya bei kubwa haiwezi kuzirekebisha.

Lenzi ya milimita 18 hadi 55 (milimita zikiongezeka, kitu cha mbali huonekana karibu zaidi) inayouzwa pamoja na kamera nyingi za DSLR, yaani zenye kioo ndani, za bei nafuu inadharauliwa kuliko inavyostahili. Mchana wenye jua, ukiwa kwenye barabara ya kona 57 inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba na Bonde la Usangu limetandaa chini yako, lenzi hiyo tundu lake likifungwa hadi f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu la kupitisha mwanga ni dogo) itakupa picha kali ambayo watu wachache wataweza kuitofautisha na ya lenzi ghali. Udhaifu wake huonekana mwanga unapopungua. Ukiivuta hadi milimita 55, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6, ilhali lenzi ndogo isiyo na zumu ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Maana yake ni kwamba pale ambapo lenzi ya kwanza inakulazimisha kupiga kwa 1/20 ya sekunde, ambayo ni polepole mno kwa mtoto anayecheza, ya pili inakuruhusu kupiga kwa 1/200 bila kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Kwa nyumba zetu zenye madirisha madogo, na kwa mvua za kati ya Novemba na Mei zinazoifanya saa kumi jioni ionekane kama magharibi, tofauti hiyo si ndogo.

Mwanga huo wa ziada hukusaidia pia unapofokasi. Ndani ya DSLR, nyuma ya kioo kikubwa kinachopeleka taswira kwenye dirisha la kutazamia, kuna kioo kidogo kinachoshusha sehemu ya mwanga hadi kwenye kihisi cha fokasi kilicho chini ya kamera. Wakati wa kufokasi lenzi hubaki wazi kabisa, hata kama umeamua kupiga kwa f/8, na tundu hujifunga tu pale picha inapopigwa. Kwa hiyo lenzi ya f/1.8 humpa mpigaji dirisha angavu zaidi. Katika kamera za daraja la chini, kama Canon EOS 1200D yenye nukta 9 za fokasi (mahali ndani ya fremu ambapo kamera inaweza kufokasi) au Nikon D3400 yenye nukta 11, ni nukta ya katikati pekee inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Nyingine husoma mwelekeo mmoja tu. Jioni kamera inapoanza kuhangaika, rudi kwenye nukta hiyo ya katikati.

Kati ya milimita 35 na milimita 50, mimi humshauri mtu mwenye kamera ya kihisi kidogo, yaani ile ambayo kihisi chake cha picha ni kidogo kuliko cha fremu kamili, aanze na 35. Sababu ni kwamba kihisi hicho hubana eneo linaloonekana: milimita 50 kwenye Canon ya aina hiyo huona kama milimita 80 za kamera ya fremu kamili, na kwenye Nikon kama milimita 75. Ndani ya sebule ya kawaida utajikuta mgongo umegusa ukuta na bado nusu ya familia iko nje ya fremu. Hata hivyo, milimita 50 ya f/1.8 kwa kawaida ndiyo lenzi ya bei ndogo kuliko zote zenye tundu kubwa, na kwa picha za nyuso nje ya nyumba ni vigumu kuilaumu. Anayependa nyuso na aichukue bila wasiwasi.

Lakini lenzi hiyo ina sharti lake, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Chukua mfano wa mama anayeuza ndizi kando ya barabara ya Tukuyu. Umemwamkia shikamoo, ameitikia marahaba, umeomba ruhusa na amekubali. Umesimama mita moja na nusu kutoka kwake na lenzi yako ya milimita 50 iko wazi kwa f/1.8. Kwa kamera ya kihisi kidogo, kina cha sehemu itakayoonekana kali ni sentimita 6 hivi, takriban 3 mbele ya ulipofokasi na 3 nyuma. Ukifokasi kwenye ncha ya pua, macho yake yanaweza kuwa mwisho kabisa wa ukali huo au nje yake. Ukifunga hadi f/4, kina kinakuwa karibu sentimita 14, uso mzima unaingia, na mikungu ya ndizi iliyo mita kadhaa nyuma yake bado inafifia vizuri. Sioni sababu ya kupiga kila uso kwa f/1.8 kwa kuwa tu lenzi inaweza.

Kuna tabia moja inayoharibu picha za aina hii kimyakimya. Mpigaji hufokasi kwa nukta ya katikati kwenye jicho, hushikilia kitufe nusu, kisha huzungusha kamera ili kupanga fremu upya. Kwa mbali haina madhara, lakini kwa karibu hesabu inakataa. Ukizungusha kamera nyuzi 10 tu katika umbali ule wa mita moja na nusu, tabaka la ukali linarudi nyuma ya jicho kwa zaidi ya sentimita 2, na wewe ulikuwa na sentimita 3 tu za akiba. Dawa ni kuhamisha nukta ya fokasi kwa vitufe vya nyuma hadi ile iliyo karibu zaidi na jicho. Inachukua muda kidogo mwanzoni, kisha kidole gumba huzoea.

Kidole gumba hichohicho kinaweza kupewa kazi kubwa zaidi. DSLR nyingi huruhusu fokasi iondolewe kwenye kitufe cha kupigia picha na kuhamishiwa kwenye kitufe cha nyuma, ama AF-ON, ama kitufe cha nyota kwa Canon, ama AE-L/AF-L kwa Nikon. Mimi huona mpangilio huu kuwa wa thamani kuliko lenzi ya pili. Kamera ikiwekwa katika fokasi endelevu, ambayo Canon huita AI Servo na Nikon huita AF-C, ukibonyeza na kushikilia kwa kidole gumba kamera humfuata anayetembea; ukiachia, fokasi hubaki palepale hata ukipiga picha mara nyingi. Kwa maandamano ya harusi, watoto wanaotoka shule au bodaboda inayopanda mlima, hakuna haja ya kuingia kwenye menyu kubadilisha chochote.

Sasa ukungu. Wenyeji wa Rungwe na Mufindi wanajua kwamba ukungu unaweza kukaa juu ya mashamba ya chai asubuhi nzima, na picha zake ni nzuri mno, lakini fokasi ya kamera hutafuta tofauti ya weusi na weupe, na ukungu huifuta tofauti hiyo. Lenzi huenda mbele na kurudi nyuma bila kutulia, na kamera hukataa kupiga. Usielekeze nukta kwenye mteremko wa mbali usio na umbo. Tafuta ukingo ulio katika umbali uleule unaoutaka: shina la mti lililosimama peke yake, bega la mchuma chai lenye kapu, ukingo wa paa la bati. Ikishindikana, weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, washa skrini ya nyuma badala ya kutazama kupitia dirisha, kuza taswira mara 5 au mara 10, kisha zungusha pete ya fokasi kwa mkono hadi ukingo uwe mkali. Fokasi ya mkono kwa njia hii ni sahihi kuliko ya kamera yenyewe, mradi kilicho mbele yako hakisogei.

Kitulo ni habari nyingine, na ningependa kila mpiga picha wa Nyanda za Juu afike huko walau mara moja kati ya Desemba na Aprili. Hifadhi hiyo ya taifa, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, iko kwenye uwanda wa takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na sifa yake kubwa ni maua ya porini, yakiwemo aina nyingi za okidi zinazoota ardhini. Okidi nyingi huko ni ndogo, bua lake ni jembamba, na upepo wa uwandani haukomi. Lenzi ya makro inayoweza kupiga kitu kwa ukubwa wake halisi ndiyo chombo chake, ingawa mirija ya kurefusha inayowekwa kati ya lenzi na kamera hufanya kazi inayokaribia hiyo kwa bei ndogo zaidi. Ukifika ukubwa huo halisi, hata kwa f/8, kina cha ukali hakifiki milimita moja. Fokasi ya kamera haina nafasi hapo. Zima fokasi ya kamera, weka lenzi katika umbali unaoutaka, piga magoti, kisha sogeza mwili wako wote mbele na nyuma kidogo kidogo hadi ncha ya mdomo wa ua iingie kwenye ukali, ndipo upige. Subiri upepo utulie. Huwa unatulia kwa muda mfupi, na hiyo ndiyo nafasi yako. Angalia pia unapoweka magoti, kwa maana ua linalokanyagwa halitapigwa picha na mwingine.

Kwa wanyama na ndege, lenzi ya milimita 55 hadi 250 au 70 hadi 300 ndiyo mwanzo wa kawaida. Kanuni ya zamani inasema kasi ya kupiga isiwe chini ya moja kugawa kwa milimita za lenzi, na kwa kihisi kidogo milimita hizo zizidishwe kwanza (kwa Canon, kwa 1.6), hivyo milimita 250 kwenye Canon zinadai angalau 1/400 ya sekunde. Kitulizaji cha mtikisiko kilicho ndani ya lenzi hutuliza mikono yako tu. Hakimzuii swala kugeuza kichwa. Lenzi hizi hufika f/5.6 tu zikivutwa, jambo lisilo na shida katika uwazi wa Ruaha lakini lenye shida kubwa msituni. Anayetamani kumpiga picha kipunji, nyani aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 katika misitu ya Rungwe na Livingstone, ajiandae kupandisha ISO sana na kukubali chengachenga. Huko Ruaha tatizo ni jingine: hewa ya moto inayotetemeka juu ya ardhi mchana huvuruga mistari ya kitu kilicho mbali, na hakuna lenzi wala fokasi inayoishinda. Baada ya saa nne asubuhi mimi hupiga vilivyo karibu tu.

Mandhari hayadai mengi. Kwenye nguzo za udongo za Isimila, nje kidogo ya mji wa Iringa, weka lenzi kwenye milimita 18 na f/8, fokasi kitu kilicho mita 2 na kidogo mbele yako, na kila kitu kuanzia mita moja hivi hadi upeo wa macho kitaonekana kikali.

Kuhusu kununua, soko la lenzi zilizotumika limekuwa zuri kwa sababu wapiga picha wengi wanahamia kamera zisizo na kioo. Kagua mambo machache kabla ya kutoa fedha. Lenzi za Canon zenye alama ya mraba mweupe, yaani EF-S, haziingii kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi) za fremu kamili. Zenye nukta nyekundu, EF, huingia kwenye DSLR zote za EOS zinazobadilisha lenzi. Kwa Nikon, bodi za daraja la D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi, hivyo lenzi iliyoandikwa AF au AF-D bila herufi S itabidi uifokasi kwa mkono. Kisha mulika tochi ya simu kupitia nyuma ya lenzi na utazame kwa upande: kuvu huonekana kama nyuzi za utando wa buibui, na katika unyevu wa Tukuyu itaendelea kukua. Achana nayo.

Mwisho, ifanyie jaribio lenzi uliyonunua kabla muda wa kuirudisha haujaisha. Bandika gazeti ukutani, weka kamera kwenye stendi, fokasi kupitia skrini ya nyuma kwa kukuza taswira, kisha piga kwa tundu kubwa kabisa. Rudia kwa kufokasi kupitia dirisha la kutazamia. Herufi zikiwa kali katika picha ya kwanza na zikififia katika ya pili kila unaporudia, lenzi yenyewe ni nzima, ila kihisi cha fokasi na lenzi hiyo havipatani. Bodi za daraja la kati na la juu nyingi zina marekebisho ya jambo hilo kwenye menyu. Bodi za bei nafuu kwa kawaida hazina, kwa hiyo mwombe muuzaji akubadilishie, au peleka vyote viwili kwa fundi anayeaminika.