Mto unaojaa kwa jua

Barabara ya McCarthy, huko Alaska, inakatikia mtoni, kama ya kwetu Lamu inavyokatikia gatini Mokowe. Unaegesha gari, unalipia maegesho (ni ya mtu binafsi, na bei yake haina huruma), unajitwika mzigo na kuvuka daraja la miguu. Wenzangu walinung'unika. Mtu wa Lamu anaona kawaida tu.

Kazi ni kufika hapo. Barabara hiyo inaingia Hifadhi ya Wrangell-St. Elias, yenye kilomita za mraba 53,000 hivi, Kaunti ya Lamu mara nane na ushei, na barabara za kuingilia ni mbili tu, zote za changarawe. Kiingilio hakuna, pesa inaliwa kwingine. Kampuni nyingi za magari ya kukodi hazitaki gari lao liguse changarawe, kwa hiyo soma mkataba kabla ya kulipa. Petroli jaza mji wa Glennallen, maana kutoka Chitina, barabara inapoanzia, hadi McCarthy ni kilomita 97 bila kituo cha mafuta. Njia yenyewe ni tuta la reli iliyobeba shaba ya Kennecott hadi migodi ilipofungwa mwaka 1938, na misumari ya reli bado inachomoza. Spea iwe ya saizi kamili, ina upepo, na jeki uibebee kipande cha ubao, la sivyo itazama.

Dawa ya kumfukuza dubu na gesi ya jiko haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria. Nunua mjini Anchorage, na uumie mfuko.

Lakini kilichonitoa jasho ni mito. Ukiacha njia chache za Kennecott, hakuna daraja. Mto unauvuka kwa miguu. Maji ni ya kijivu kama simiti iliyozimuliwa, kwa unga wa mawe yaliyosagwa na barafu ya milimani, hivyo chini huoni kitu. Jua likipanda barafu inayeyuka, na mto uliokufika magotini alfajiri unakufika kiunoni jioni. Sisi tunauliza mwezi: leo bamvua au maji mafu? Kule unauliza jua, na mvua ya jana.

Basi vuka mapema. Tafuta mahali mto umepanuka na kugawanyika vijito vingi. Kwenye kona au palipobanwa pana kina. Viatu usivue. Mkanda wa begi wa kiunoni ufungue, ukianguka begi lisikuzamishe. Elekea maji yanakotoka, fimbo mbele, songa kwa ubavu, mguu mmoja mmoja. Ukisikia mawe yakigongana chini ya maji, rudi. Mkondo huo unaoviringisha mawe hautakuonea haya. Maji yakiwa mengi, ngojeeni ukingoni usiku upite, chakula cha akiba kiwepo cha siku mbili tatu. Wanaoletwa na ndege ndogo nao wabebe hicho hicho, kwani ukungu ukitanda rubani haji.

Niliporudi nilimsimulia nahodha mmoja wa Shela. Nilidhani ataulizia dubu. Akauliza, "Na hapo mnapovukia, barafu iko mbali kiasi gani?"

Ndilo swali lenyewe. Karibu na barafu maji hufikia kilele alasiri. Ukiwa mbali bondeni, yale yale ya mchana yanakukuta usiku, na asubuhi huenda bado hayajamaliza kupwa.