Kobla ya Maembe, Moto Juu na Chini

Mwishoni mwa 2006 Dar es Salaam ilikuwa na maembe tele na umeme wa kubahatisha. Maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yamepungua vibaya, mgao umeingia kila mtaa, na kwetu Temeke mtu akipiga pasi usiku wa manane hakuna aliyemshangaa. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza mtihani wa kidato cha nne. Nilikuwa nyumbani tu, msaidizi wa mama jikoni.

Mama alikuwa amepika miaka mingi kwenye nyumba ya familia moja ya Wamarekani kule Masaki. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Georgia, jimbo linalosifika kwa mapichi, na yeye ndiye aliyemfundisha kobla: matunda yenye sukari chini, donge la unga na siagi juu, vinaokwa pamoja mpaka juu pawe kahawia na chini pawe rojo. Walipohama walimwachia oveni yao ya umeme. Mama aliiweka sebuleni, juu kaitandikia kitambaa cha kufuma, na kila mgeni alielezwa ilikotoka.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yake kupokea upatu, na alikuwa amewaahidi wenzake kobla. Mapichi ya Lushoto yalikuwa yanamshinda bei, kwa hiyo alimwagizia bibi, mama yake mzazi, aje na maembe kutoka shamba Mkuranga.

Nilikwenda kumpokea Mbagala Rangi Tatu. Akateremka na kapu la ukili limefungwa kanga juu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu anakusalimu, nimemwacha na korosho zake."

Kapuni mlikuwa na dodo na boribo, yote yameanza tu kuiva, ukibonyeza kidole hakizami. Hakuwa ameambiwa achague hivyo. Alisikia kwamba yatapikwa, basi akajua mwenyewe kuwa embe lililoiva sana likiona moto linakuwa uji.

Tulimenya, tukakata vipande vinene. Mama akapima unga, akatoa siagi. Adhuhuri, umeme ukaenda. Wageni walikuwa wa saa kumi. Mama alisimama mbele ya oveni na bakuli mkononi, hasemi neno, na mimi nilijua anawaza nini: wale kina mama wangekula wali na mchuzi kama kila mwezi, na ile habari yake ya Masaki ingebaki maneno matupu.

Bibi alikuwa kibarazani ananyoosha miguu. Akauliza, "Kwani hicho chakula chenu kinataka umeme au kinataka moto?"

"Kinataka moto wa juu na chini, mama," mama akajibu.

"Basi si kama mkate wa kumimina? Mjukuu wangu, washa jiko."

Nikawasha majiko mawili. Maziwa yaliyokuwa kwenye friji yalikuwa yamekatika kwa mgao wa jana yake, kwa hiyo bibi akaagiza nazi. Nikakaa juu ya mbuzi nikakuna, yeye akakamua, akatenga tui zito peke yake. Mama alisita kidogo, maana karatasi yake ya mapishi ilisema maziwa, lakini hakubisha.

Hapo ndipo kila mmoja alipomfundisha mwenzake, na mpaka leo hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika siku ile. Mama alifikicha siagi ndani ya unga wenye bekingi pauda, chumvi na sukari kidogo, kwa ncha za vidole tu, mpaka ukawa chengachenga. Akamwagia tui. Bibi akanyoosha mkono aukande kama wa chapati, mama akamzuia: "Usiukande mama, utakuwa mgumu. Uchanganye tu ushikane." Bibi akarudisha mkono. Kwenye moto, neno lilikuwa la bibi. Alitia maembe kwenye sufuria nzito na sukari, ndimu, iliki iliyotwangwa na kijiko cha unga, akayaacha yachemke mpaka maji yake yakawa mazito. Mama alisisitiza kwamba unga uwekwe matunda yakiwa bado yanachemka, la sivyo upande wa chini unabaki mbichi. Akautupia kwa kijiko, bonge hapa, bonge pale, akiacha nafasi ili mvuke upate pa kutokea.

Bibi akapunguza makaa ya chini, akayafukia kwa majivu mpaka yakawa yanaonekana kwa shida. Akafunika sufuria kwa sinia, na juu ya sinia akapalia makaa mekundu, mengi zaidi pembeni kuliko katikati. "Wa chini usiwe na haraka," alisema, "kuna sukari huko, itaungua. Wa juu ndio unaoiva nao unga."

Miaka baadaye nilisoma kwamba kobla yenyewe ilianzia hivyohivyo. Walowezi wa Kiingereza huko Marekani hawakuwa na majiko wala vifaa vya kupikia pudini za kwao, wakawa wanapika matunda na kuyafunika kwa unga ndani ya chungu cha chuma chenye miguu mitatu, kifuniko chake kina ukingo wa kuzuia makaa yasidondoke. Karatasi ya mama haikutaja chungu hicho. Ilitaja nyuzi za joto, 375, za Farenhaiti, na bibi asingejua za nini. Lakini chungu kile angekitambua mara moja, na nahuzunika kwamba sikuwahi kumwonyesha picha yake.

Harufu ilianza kwa iliki, ikafuata siagi. Watoto wa jirani wakasogea kwenye kibaraza, wakajifanya wanacheza. Bibi hakufunua mpaka aliposikia sufuria imebadili sauti, kutoka kuchemka kwa kelele hadi kutokota taratibu. Aliponyanyua sinia kwa koleo na kitambaa, mabonge yalikuwa yameumuka yakagusana, yamepasuka juu, na kwenye nafasi zilizobaki rojo ya njano ilikuwa inafura na kupasuka, inapanda ukingoni mwa sufuria na kuganda hapohapo. Mama alichoma njiti katikati ya bonge. Ikatoka kavu. Akamtazama mama yake, akasema, "Ahsante mama," na bibi akaitikia huku anapuliza majivu kwenye sinia.

Wanawake wa upatu walikuja wakala kwa visahani vya chai. Mmoja alisema tui linakaa vizuri na embe kuliko maziwa, na mama akakubali. Tangu siku hiyo hakurudi kwenye maziwa. Mwingine, aliyekuwa na binti wa kuozesha baada ya Idi, aliuliza bei ya kupikiwa masufuria matatu makubwa. Mama hakuwa na bei. Bibi ndiye aliyemtajia, na akataka nusu kabisa kabla ya kuondoka. Ukoko tuligombea sisi na watoto wa jirani.

Mwaka uliofuata mama aliuza oveni ile. Fedha yake ilinunua sufuria nzito, masinia mawili na gunia la mkaa, na kitambaa cha kufuma akampa bibi.