Mosel kwa baiskeli: panda na kijito, shuka na mizabibu

Mto Mosel unaanzia kwenye milima ya Vosges, Ufaransa, unapita mpakani mwa Luxemburg, kisha unaingia Ujerumani na kwenda kumwaga maji yake katika mto Rhine mjini Koblenz. Kutoka Trier hadi Koblenz ndege angeruka kama kilomita 100 tu. Ukifuata maji ni karibu 200. Hizo nyingine zote ni mikunjo: mto unakwenda mbele, unageuka nyuma, unarudi karibu na pale ulipokuwa, halafu ndiyo unaendelea na safari.

Wengi huufuata mto kandokando kwa baiskeli mwanzo mpaka mwisho. Njia ya baiskeli ipo, ni tambarare, ina vibao, na sina ugomvi nayo. Ila siku ya jua imejaa familia, watoto wanaojifunza kuendesha, wazee kwenye baiskeli za umeme na watu wanaosimama ghafla kupiga picha ya ngome. Mtu wa baiskeli ya barabarani mwenye tairi nyembamba na mwendo wa kilomita 30 kwa saa hapo ni kero kwa wenzake. Na mimi kilichonivuta kule si mto peke yake, ni ile milima mifupi iliyousimamia pande zote mbili. Nilitaka nifike Koblenz nikiwa nimepanda kisawasawa, bila kujimaliza.

Kilichonisaidia kuliko mazoezi ni ramani yenye mistari ya mwinuko. Ukiiangalia vizuri unaona kwamba Mosel haupiti kati ya milima; umejichimbia bonde ndani ya uwanda wa juu. Kusini ni Hunsrück, kaskazini ni Eifel. Mtoni uko kwenye mita mia na kidogo juu ya usawa wa bahari, na kule juu vijiji vingi viko kwenye 400 hadi 500. Kwa hiyo popote utakapouacha mto, kuna mita 300 hivi zinakungoja, huzikwepi. Unachoweza kuchagua ni umbali utakaozipandia.

Hapo ndipo nikaacha kutazama miji na kuanza kutazama vijito. Barabara inayofuata kijito hupanda taratibu, kwa sababu maji yalishaitengeneza njia zamani na wajenzi wa barabara wakaifuata. Njia za mizabibuni ni kinyume kabisa. Zimemwagwa zege kutoka chini kwenda juu kwa ajili ya trekta, na aliyezichora hakuwa akifikiria mapafu ya mtu. Nimepita zile za asilimia 18 na zaidi ambazo gurudumu la mbele linanyanyuka ukivuta usukani kwa nguvu.

Basi nikajiwekea utaratibu: kupanda ni kwa kijito, kushuka ni kwa barabara ya lami inayozungukazunguka mizabibuni. Sababu ya pili ni usalama. Mabonde ya vijito yana msitu mnene, jua halifiki hadi karibu adhuhuri, lami ina unyevu na majani, na huoni kona inayofuata ina nini. Ukiwa unapanda kwa kilomita 12 kwa saa hayo hayakuhusu. Mizabibu haina kivuli wala kizuizi: ukiwa kona ya kwanza unaona kona tatu za chini yako, na unaona kama kuna lori linakuja. Aidha mashamba yamewekwa upande unaotazama jua, kwa hiyo lami yake hukauka mapema.

Mfano mzuri ni kipande cha Traben-Trarbach hadi Zell. Ukifuata mto ni safari fupi na laini. Mimi niliuacha mto pale Trarbach nikaingia bonde la kijito cha Kautenbach. Mara tu nyumba za mwisho zilipoisha hewa ilibadilika, ikawa ya baridi yenye harufu ya udongo mbichi, na sauti ya maji ikawa upande mmoja wa barabara muda wote. Mwinuko haukuwahi kunifanya nisimame kwenye pedali. Gia ndogo, pumzi mdomoni na puani, macho kwenye lami. Msitu ulipoachia, nilikuta nimefika juu kwenye mashamba ya nafaka yaliyo wazi, upepo unavuma, na mto hauonekani kabisa, utadhani haupo. Uwanda wa Hunsrück una tabia hiyo ya kukusahaulisha bonde. Nikapita barabara ndogo za kijiji hadi kijiji, nikielekea kaskazini-mashariki, hadi juu ya Zell.

Kushuka Zell ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Barabara namba B421 inateremka kwa kona kali, mizabibu kulia na kushoto, mto umejipinda chini. Ni barabara kuu, kwa hiyo nilichagua Jumapili asubuhi, malori yakiwa yamepumzishwa. Breki nazishika kabla ya kona, naziachia ndani ya kona, mwili mzito nyuma, mkono wa ndani umelegea. Kosa la wageni wengi wa milima ni kushika breki mteremko mzima mpaka zinatoa harufu. Milima hii ni mifupi, lakini joto la rimu halijui ufupi.

Maana kuna watu wanaidharau. Kilele kirefu kuliko vyote Hunsrück ni Erbeskopf, mita 816, na kule Eifel ni Hohe Acht, mita 747. Kwa aliyezoea Alps hizo ni namba za kuchekesha. Lakini mbio za kwanza za ubingwa wa dunia wa barabarani kwa waendeshaji wa kulipwa, mwaka 1927, zilifanyika huku huku Eifel, kwenye uwanja wa mbio za magari wa Nürburgring, na Alfredo Binda wa Italia akashinda. Zikarudi hapo 1966, akashinda Mjerumani Rudi Altig. Mlima mmoja wa mita 300 ni kitu kidogo. Minne kwa siku moja, kila mmoja ukianzia chini mtoni, ni mita 1,200, na miguu inazijua.

Kwa upande wa Eifel kuna namna ya kupanda iliyo rahisi zaidi ya kijito: reli ya zamani. Njia ya Maare-Mosel inatoka Bernkastel-Kues hadi Daun, karibu kilomita 58, juu ya tuta la treni lililong'olewa vyuma na kuwekwa lami. Treni haiwezi mwinuko mkali, kwa hiyo nawe huupati. Kuna madaraja marefu ya mawe na mahandaki ya giza, ambayo yana baridi hata Julai. Juu kule Daun unakuta maziwa ya duara yaliyojaa kwenye mashimo ya volkano. Asiyetaka kupanda kabisa, msimu wa kiangazi kuna basi lenye trela la baiskeli linalopandisha watu kutoka Bernkastel, wakashuka kwa magurudumu. Mimi nilipanda kwa pedali, lakini sikumcheka mtu. Tatizo la njia hiyo ni moja tu: kuteremka kwake kunachosha kwa sababu ya watu wengi na vizuizi kwenye makutano. Ipande, kisha rudi mtoni kwa barabara nyingine.

Kuhusu mtoni kwenyewe, jambo la kuangalia ni ukingo. Mara nyingi barabara kuu iko ukingo mmoja na ule wa pili una kijibarabara cha wenyeji chenye magari machache. Hicho kijibarabara ndicho mahali pa kupumzikia kati ya mlima na mlima: kula, kunywa, kuzungusha miguu kwa gia nyepesi. Ila lazima ujue daraja lako liko wapi, maana hayapo kila kijiji. Pale Bullay kuna daraja la ghorofa mbili la karne ya 19, treni juu, magari na baiskeli chini. Beilstein unavuka kwa kivuko kwenda Ellenz. Lile daraja kubwa jipya karibu na Zeltingen, lililofunguliwa 2019 na kupita karibu mita 160 juu ya mto, si la baiskeli. Utalitazama kutoka chini tu. Na ukiona kibao cha duara cha buluu chenye baiskeli nyeupe, sheria inakutaka uingie kwenye njia ya baiskeli hata kama lami ya barabarani inakutamanisha.

Bremm ilinichelewesha. Kijiji kiko kwenye mkunjo mkali wa mto, na juu yake kuna Calmont, mojawapo ya mashamba ya mizabibu yenye mwinuko mkali kuliko yote Ulaya, sehemu nyingine ikifikia nyuzi 65. Nilisimama nikitazama mtu amekaa kwenye kiti kidogo cha chuma kinachopanda kwenye reli moja yenye meno, injini inanguruma kama ya kukata nyasi, vikapu vimefungwa nyuma yake. Hakuna trekta inayoweza kupita pale. Ardhi yenyewe ni mwamba mweusi unaomeguka vipande bapa, unaoshika joto la mchana na kulitoa usiku, na hiyo ndiyo sababu zabibu za Riesling zinaiva vizuri huku kaskazini. Kwa mwendesha baiskeli mwamba huo una upande wake wa pili: mvua ikinyesha, vipande vinateremka hadi barabarani, na kingo zake zinakata. Nilitumia tairi za milimita 32 badala ya 25 na nikaridhika nazo, mirija miwili ya ndani ya akiba mfukoni.

Kuhusu gia, usione haya. Meno 34 mbele na 34 nyuma ndiyo yaliyonifikisha. Upepo wa eneo hili huvuma zaidi kutoka magharibi na kusini-magharibi, ndiyo maana nilianzia Trier, penye lile lango jeusi la Kirumi, na si Koblenz. Majira yanategemea unachotaka. Aprili pichi za mizabibuni huchanua waridi na barabara ziko tupu, ingawa kule juu unahitaji glavu. Septemba na Oktoba mashamba yana rangi ya dhahabu, lakini ni mavuno: matrekta yako kila kichochoro na lami ina tope na maganda ya zabibu yanayoteleza kupita kiasi. Mimi nitachagua Mei au Juni kila mara.

Maduka hufungwa Jumapili, hivyo Jumamosi jioni nilinunua ndizi na mikate ya siku inayofuata. Kinachobaki wazi ni vituo vya mafuta na baadhi ya maduka ya mikate asubuhi. Na mvinyo, kwa kuwa utakaribishwa kila mlango: kwa mwendesha baiskeli Ujerumani promili 1.6 (kipimo cha pombe kwenye damu) ni kosa la jinai, na ukiendesha kwa kuyumba unaweza kuingia matatani kuanzia 0.3. Niliuacha hadi baiskeli ilipokuwa imefungwa kufuli.

Treni ndiyo iliyonipa ujasiri wa kupanga milima mingi kuliko ninavyoiweza. Treni za mkoa kati ya Trier na Koblenz zina sehemu ya baiskeli, na reli haina habari na mikunjo ya mto. Kati ya Eller na Cochem inaingia handaki la zaidi ya kilomita 4 na kutokea upande wa pili, wakati mto unazunguka kwa kilomita zaidi ya 20. Siku ambayo mlima wa nne ulinitosha kabla sijaumaliza, niligeuza Eller, nikaifunga baiskeli kwa mkanda ukutani mwa behewa, na dakika chache baadaye nilikuwa Cochem natafuta chakula.